Nilikula Kabla ya Kuuliza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sufuria ya sindano nikaambiwa nizichemshe mpaka niambiwe basi. Aliyenipa ni Dresa Mkuu wa hospitali ya Amu, mtu mfupi, mwenye kanzu safi chini ya koti jeupe, naye akaenda wodini akanisahau. Maji yakakauka. Sindano zikaanza kubadilika rangi, nami nimesimama pale pale nikizitazama, kwa sababu sikuwa nimepewa ruhusa ya kuziepua. Aliporudi akanitazama mimi, akaitazama sufuria, kisha akasema kwa upole, "Wewe utakuwa mtumishi mzuri wa serikali, Omari. Kama utakuwa dresa, hilo bado siyui."

Nimeanzia hapo kwa sababu nyinyi vijana wa zahanati mlioniomba niandike mnafikiri nilizaliwa najua. Sikuzaliwa najua. Nilisoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu msahafu, kisha miaka minne ya skuli ya serikali, basi. Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma majina ya chupa. Miaka hiyo ya hamsini dresa alikuwa chini ya kila mtu mwenye koti jeupe: tulisafisha madonda, tulifunga bendeji, tulipima homa, tulitia watoto dawa ya macho, na aliyekufa tulimfunika. Usiku wa siku ile ya sindano nilinunua daftari la mistari nikaanza kuandika yaliyonipata kila siku, maana niliogopa kusahau ninayofundishwa. Mengi ya haya nimeyatoa humo. Pale daftari lilipo na shaka, nami nitasema nina shaka. Na majina ya watu nimeyabadilisha yote, isipokuwa langu.

Mwaka wangu wa tatu alikuja Sista kutoka Mombasa. Tulimwita Sista wa Uchunguzi ili tumtofautishe na Sista wa wodi. Alikuwa Mwingereza, mrefu, mkavu, anayetembea kama mtu aliyeitwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu lakini alikisema bila aibu, na ukimsahihisha alikuwa akirudia neno mara tatu mbele yako. Alitaka kuchunguza safura. Safura ni minyoo midogo inayoingia kwa nyayo, ikakaa tumboni inanyonya damu. Mtu anakuwa mweupe ndani ya kope, akipanda ngazi anahema, na wengine, wanawake hasa, hutamani kula udongo. Dawa ya minyoo tulikuwa nayo. Alilotaka kujua Sista ni hili: je, mwanamke akishatolewa minyoo, damu yake hurudi yenyewe kwa chakula cha kawaida, au ni lazima apewe na vidonge vya madini ya chuma? Kwa hiyo baadhi ya nyumba zingepewa dawa na vidonge, na nyingine dawa peke yake, kisha apime damu za wote aone.

Akachagua Siyu, mji wa kisiwa jirani, na akanichagua mimi nimtangulie. Nilidhani amenichagua kwa uhodari. Baadaye Dresa Mkuu aliniambia wengine wote walikuwa wamekataa kukaa Siyu miezi.

Kabla sijaondoka Sista alinikalisha mezani. Maneno yake niliyaandika siku ile ile, kwa hiyo nayaamini.

"Omari, mgonjwa wa hospitali anatujia yeye. Ana maumivu, anataka tumsaidie. Hawa wa Siyu hawakutuita. Tunawaendea sisi, kwa sababu tunataka kujua kitu. Unaona tofauti?"

"Naona, Sista."

"Sema tofauti ni nini."

Akangoja. Alikuwa na tabia ya kungoja ambayo ilinitoa jasho.

"Wale wana haja nasi," nikasema. "Hawa, sisi ndio wenye haja nao."

"Vizuri. Na mwenye haja hufanya nini?"

"Huomba, Sista."

"Huomba. Na anayeombwa anaweza kusema hapana."

Akanipa karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili, nami nikamrekebishia maneno mawili. Ilisema sisi ni watu wa hospitali, tunachunguza safura, dawa ni hii na hii. Ilisema dawa ya minyoo hunywewa asubuhi kwa njaa, na baada yake haluli, ambayo ni chumvi ya kuharisha, na kwamba siku hiyo mtu atalegea. Ilisema si lazima; atakayekataa hatakasirikiwa, na hospitali itabaki yake kama zamani. Mwisho kabisa: mja mzito asinywe dawa hii. Kazi yangu ilikuwa kuisoma karatasi hiyo kila nyumba, polepole, kisha kuandika jibu katika daftari lenye safu mbili, ya waliokubali na ya waliokataa.

Wanawake wa nyumba zile za Siyu hawakutokea wageni wanaume. Sista mwenyewe angeingia ndani kuwaangalia kope na kuwapa dawa, lakini kuomba kulipita mlangoni, kwa mwanamume wa nyumba. Mimi namsomea yeye barazani, yeye anaingia ndani kuuliza, anarudi na jibu. Sista hakulipenda sana jambo hili. Aliambiwa na wakubwa kwamba ndivyo desturi, akalikubali. Simlaumu. Mimi ni mtu wa visiwa hivi na sikuliona kasoro.

Nilipewa chumba cha serikali nje kidogo ya mji, kitanda cha kamba, taa na ndoo. Siyu ni mji wa watu wa mikono: washona ngozi, wafua vyuma, wakulima wanaotoka alfajiri kwenda mashambani. Mchana mji hunyamaza, na mgeni asiye na jamaa huona kama ameachwa nyuma. Nilikuwa Mwamu, nasema kama wao au karibu na wao, lakini nilikuwa mtu wa koti jeupe. Kwa hiyo nilipoanza kupita nyumba kwa nyumba na kukaribishwa, sitaficha, nilifurahi. Nilikaribishwa kila mahali.

Nyumba ninayotaka kuisema ni ya mshona viatu nitakayemwita Bwana Athumani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, ametandaza ngozi zake kwenye daka, yaani ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe pande mbili. Aliniona nikija akavitazama viatu vyangu.

"Bwana Dresa, hivyo ndivyo walivyokupa?"

"Ndivyo."

"Watakuua. Mguu wa mtu hautiwi sandukuni ungali hai. Keti, keti. Umepita ndia gani, hii ya yua kali? Ndani huko! Kuna mgeni!"

Nikaketi. Tukaulizana hali, hali ya Amu, hali ya mvua, hali ya watu wa nyumbani. Birika na beseni zikatolewa nikanawa. Likaja sinia: mkate wa mofa wa moto, samaki wa kupaka, na kahawa. Alikula nami, akinisogezea minofu upande wangu kila nilipozuia mkono. Alinichekesha kwa hadithi ya mteja mwenye mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake ambaye huona haya kusema, basi kila mwaka hurudisha kiatu kimoja akidai kimeshonwa vibaya. Nilikula nikashiba. Nikanawa tena. Kisha nikatoa karatasi nikaisoma, polepole kama nilivyoagizwa, mpaka ile ya mja mzito.

Akasikiliza vizuri. "Naweza kukataa?"

"Waweza."

Akatabasamu kidogo, akaingia ndani. Alikawia kuliko wenzake. Nilisikia sauti ya mwanamke, ya chini, mara moja, kisha kimya. Alipotoka alikaa kwenye ngozi zake, akachukua uma wake wa kutobolea.

"Wamekubali," akasema.

Nikaandika: nyumba ya Athumani, mshona viatu, wamekubali.

Sista alipofika na masanduku ya dawa nilimpa daftari. Akalipekua mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Nyumba zote?"

"Zote, Sista."

"Hata moja haikukataa?"

"Hata moja."

"Kwetu," akasema, "hata ukigawa mkate bure atapatikana wa kukataa." Akacheka, nami nikacheka. Nilidhani nimesifiwa. Safu ya kukataa ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani. Jioni ile aliniambia akirudi Amu atamwandikia Daktari wa Wilaya kwamba mimi nafaa kuthibitishwa kazini, maana miaka yote mitatu nilikuwa wa muda. Mama yangu alikuwa akiisubiri habari hiyo kuliko mimi.

Dawa zikagawiwa siku mbili. Sista aliingia nyumba kwa nyumba, akachukua damu za kupima, akatoka, tukaandika. Watu walilegea kama tulivyosema, wakapata nguvu. Akarudi Amu, akaniacha nikusanye vikopo vya choo kwa ajili ya kupimwa tena kwa hadubini, kile chombo cha kukuza vidudu visivyoonekana kwa macho.

Nilipofika kwa Bwana Athumani kuchukua vikopo, daka lilikuwa tupu. Ngozi zimekunjwa. Nikabisha hodi, nikabisha tena, nikageuka niende. Ndipo nikaisikia ile sauti ya chini, nyuma ya mlango uliofunguliwa kidole kimoja.

"Bwana Dresa."

"Naam, Bi."

"Vikopo hamna hapa."

"Hapana neno, Bi. Nitapita kesho."

"Hata kesho hamna." Nilisikia akivuta pumzi. "Nalikuwa na mimba. Ya miezi mitatu. Imetoka siku ya pili ya ile dawa yenu."

Sikujua nitazame wapi. Nilitazama baraza nililokalia.

"Bi," nikasema, "karatasi ilisema mja mzito asinywe."

"Naliisikia. Nalikuwa nyuma ya mlango huu huu."

"Basi kwa nini hukumwambia Bwana Athumani kuwa hutaki?"

"Nalimwambia. Naye akaniambia, mtu ashakula." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulikuwa ushakula, Bwana. Mkate wangu, kwa mkono wangu. Nimtoe mume wangu akwambie la, na wewe hata mkono hujakauka? Na ile mimba hakuna aliyeiyua, nalikuwa sijaitoa nje. Ningesema nini?"

Kisha mlango ukafungwa, bila kishindo.

Kwa nyinyi mliokulia mijini lazima nilieleze hili, maana hapo ndipo jambo lote lilipo. Kwetu, mgeni hasemi haja yake kabla hajatiwa kitu kinywani. Na mtu aliyekula kwako akiomba jambo lililo ndani ya uwezo wako, hulikatai, ila uwe umekusudia kumvunjia heshima yeye na kuivunja yako. Hakuna aliyetufundisha hayo kwa maneno. Na mwanamke hataji mimba changa, huihifadhi na macho ya watu mpaka ionekane yenyewe. Mambo yote mawili niliyajua tangu utotoni. Nilikuwa nimeketi kila nyumba ya Siyu, nikala, nikanawa, ndipo nikasoma kwamba si lazima. Nilikuwa nikiwafunga kwa chakula chao wenyewe, kisha nawaambia wako huru.

Niwe mwadilifu hapa. Kama dawa ndiyo iliyoitoa mimba ile, sijui. Mimba nyingi hutoka bila dawa, na mwenye safura kali huenda akaipoteza kwa udhaifu tu. Haluli ina nguvu, na dawa yenyewe haikuwa ya mjamzito; ndiyo maana tuliandika. Niliwahi kumuuliza daktari mmoja baada ya miaka mingi, naye akasema hakuna awezaye kujua. Nimeliandika jibu lake. Halikunipunguzia wala kuniongezea kitu.

Sikwenda Amu kesho yake. Hili nalionea haya, lakini limo katika daftari. Zilipita Ijumaa mbili. Nilijiambia makosa si yangu, nimesoma karatasi neno kwa neno. Nilijiambia Bwana Athumani ndiye aliyesema wamekubali. Nilijiambia nikisema, kazi ya Sista ya miezi itaharibika, na barua yangu ya kuthibitishwa haitaandikwa, na itamfaa nani? Chumba kile cha serikali kilikuwa na dirisha moja, na nilijikuta nakaa mbali nalo. Watu walikuwa bado wakinikaribisha. Nilianza kusema nimefunga.

Ijumaa ya pili niliposwali nilimwona Bwana Athumani safu ya mbele. Tulipotoka alinisalimu kwa mkono kama desturi, akaniuliza viatu bado vinaniuma. Hakuwa na neno lolote la lawama usoni. Hilo ndilo lililonishinda. Kesho yake nikapanda mashua ya asubuhi.

Sista alikuwa ofisini akipanga vioo vya hadubini. Nikasimama.

"Sista, yale majibu ya daftari si majibu."

"Uliwasomea karatasi?"

"Niliwasomea."

"Uliwaambia wanaweza kukataa?"

"Niliwaambia."

"Basi kosa liko wapi?"

"Nilikuwa nimekula, Sista."

Hakuelewa. Nikamweleza, vibaya, nikirudi nyuma na mbele, mpaka nikafika kwenye mlango uliofunguliwa kidole kimoja. Nilipomaliza alikiweka pembeni kabisa kioo alichokishika, kana kwamba aliogopa kukivunja.

"Kwa nini hukuniambia mwanzo kwamba ndivyo ilivyo?"

"Sikujua kuwa ni jambo la kuambiwa," nikasema. "Ingekuwa kama kukwambia kwamba nilipokuwa natembea nilikuwa napumua."

Sista akasema neno ambalo nimelifikiria zaidi ya lolote nililoambiwa kazini: "Nami niliiona safu nyeupe, nikacheka."

Tukaenda kwa Daktari wa Wilaya. Alikuwa mtu wa haki lakini mwenye kazi nyingi, na alitusikiliza akiwa amesimama. Alisema damu zimeshapimwa, dawa imeshanywewa, na watu wa kule wamepata nafuu, jambo ambalo lilikuwa kweli. "Mnataka kuwaomba ruhusa ya jambo lililokwisha?"

"Bado tuna duru mbili za dawa na vipimo," Sista akasema. "Na hata hili lililokwisha, ni damu zao ninazoziandika. Wataulizwa tena. Wakikataa nitazifuta."

"Na huyu?" Daktari akanitazama mimi.

"Huyu ndiye atakayekwenda kuuliza. Hakuna mwingine anayejua tulikosea wapi."

Nikarudi Siyu na agizo moja jipya: nisimeze kitu cha mtu, hata maji, kabla sijauliza na kujibiwa, na nimwombe kila mwanamume anipe nafasi nimsomee mkewe mwenyewe nyuma ya mlango, ajibu mwenyewe. Agizo ni jepesi kulisema. Kulifanya, nilijiona kama mtu anayetembea barabarani bila nguo.

Kwenye nyumba ya kwanza kahawa ilikuwa imeshamiminwa. Nikasema sinywi mpaka niseme nililojia. Mzee mwenye nyumba akashusha kikombe chini taratibu.

"Ile siku ilikuwa tamu, leo ina sumu?"

"Haina sumu, mzee wangu. Ni kwamba nina ombi, na nataka uweze kunikatalia."

"Nikukatalie kwangu? Kwani nimekuwa nani?" Akamgeukia jirani yake aliyekuwa barazani naye. "Mwamu huyu walimpeleka kwa Wazungu akiwa mzima. Tazama walivyomrudisha."

Jirani akasema, "Muulize kama amekuja na maji yake kwenye chupa."

Nilikuwa nayo chupa ndani ya mkoba. Nilisimama juani, nikasoma. Kutoka ndani ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima: "Mwambieni sitaki. Naliumwa tumbo siku tatu." Mzee alishangaa kuliko mimi. Nikaandika katika safu ya pili. Ilikuwa alama ya kwanza humo. Nimeiangalia leo, bado inaonekana.

Wengine walikubali, tena wengine kwa moyo, wakasema damu yao imerudi wanaiona. Wengi walikataa. Kuna waliokataa kwa sababu hawakutaka, na kuna waliokataa kwa sababu niliwaudhi kwa kukataa kahawa, nao hao pia wana haki yao, ingawa Sista alisikitika. Uchunguzi wake ulibaki mdogo, kitambaa kilichochanika. Aliuandika hivyo hivyo mdogo. Akaondoka Amu kabla ya mwisho wa mwaka. Aliniachia kalamu yake ya wino na lile daftari la safu mbili, na hakuniachia anwani.

Kwa Bwana Athumani nilifika mwisho. Alikuwa dakani. Hakunikaribisha kuketi, nadhani ili asinitie katika taabu ya kukataa. Nilipotoa karatasi aliinua mkono.

"Usisome," akasema. "Nyumba hii haina la kujibu tena." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Mimi ndimi niliyemwambia umeshakula. Usilibebe lote peke yako."

Nikaondoka bila kumuuliza mkewe. Damu yake Sista aliifuta, lakini mstari wangu ulibaki katika daftari: wamekubali. Mkewe hakuwahi kuulizwa.

Nilithibitishwa kazini mwaka mmoja baada ya wenzangu. Nikatumikia Faza, nikatumikia Mokowe, nikatumikia Witu, nikarudi Amu. Walikuja wachunguzi wengine, wa matende, wa malaria, wa lishe ya watoto, na kila mara mabosi walinitafuta mimi wa kutangulia. Kila mara nilikwenda na chupa yangu ya maji. Sikuweza kujua ni siku gani nitakwenda nyumba gani kuomba nini, kwa hiyo niliacha kula kwa watu kabisa, hata siku zisizo za kazi. Pengine nilizidisha. Marehemu mke wangu aliniambia hivyo mara nyingi. Alikuwa akienda arusini peke yake, akirudi ananiambia nani aliniulizia, mpaka ikafika akawa hana wa kunitajia. Watu hawakuwa wabaya. Mtu asiyegusa sinia lako miaka ishirini, utaacha kumwekea. Kwenye matanga nilikaa mwisho wa mkeka, na sinia lilipokuja lilinipita bila mtu kukusudia.

Sasa mna fomu za ridhaa za kurasa nyingi, na sahihi, na kamati ya kuzisoma kabla hamjatoka. Nafurahi. Ila nawaomba, kabla hamjaisoma fomu, tazameni kwanza mmeketi wapi, na mikononi mna nini, na nani anasikiliza nyuma ya mlango bila kuulizwa. Hayo hayamo katika fomu, na mimi sijui namna ya kuyatia. Sikusoma vya kutosha.

Nilipostaafu nilikaa nyumbani miezi kadhaa. Kisha nikaenda Siyu, mchana, bila mkoba. Bwana Athumani alikuwa amekwisha kufariki. Mazishini mwake nilikuwa nimesimama safu ya nyuma. Daka lilikuwa limefagiliwa, mabaraza matupu. Nikabisha hodi, akaja mlangoni mwanamke mtu mzima, binti yake aliyezaliwa baada ya mambo haya. Nikasema jina langu. Kutoka ndani nikaisikia sauti ile, sasa ya kikongwe.

"Ni yule asiyekula?"

"Ndimi, Bi."

"Umekuya kuomba nini leo?"

"Sikuja kuomba kitu. Nimestaafu."

Nilisikia sahani zikigongana mbali, jikoni, na harufu ya nazi ikatoka. Kisha akasema, "Usimpe bado," akimwambia binti yake. Na kwangu: "Daftari unalo?"

"Liko nyumbani, Bi. Karatasi naikumbuka kwa moyo."

"Basi nisomee. Niulize mimi."

Nikasimama pale mlangoni, mtu mzima wa mvi, nikasoma karatasi isiyokuwapo. Sisi ni watu wa hospitali. Tunachunguza safura. Dawa hunywewa asubuhi kwa njaa. Si lazima. Mja mzito asinywe. Sentensi moja niliianza upya.

"Nikikataa?" akauliza.

"Ukikataa hapana neno. Hatutakasirika, na hospitali ni yako kama zamani."

"Basi siitaki."

"Nimesikia, Bi."

"Iandike."

"Nitaiandika. Niandike kwa jina gani?"

Akanitajia jina lake. Sikuwa nimelijua miaka yote hiyo. Kwenye daftari nyumba ilikuwa ya mumewe.

"Haya," akamwambia binti. "Sasa mpe."

Sinia likaja dakani, wali wa nazi na samaki, na mofa juu. Hapakuwa na mwanamume wa kula nami, kwa hiyo nilikula peke yangu, kwenye baraza lile lile, taratibu, mpaka nikamaliza kila kitu.

Niliporudi Amu nilitoa lile daftari la safu mbili. Kwenye mstari wa Athumani mshona viatu nilikata "wamekubali" kwa kalamu ya Sista, nikaandika katika safu ya pili jina la mwanamke yule, kamili, na jibu lake. Humo limo. Hapa silitaji, kwa sababu hilo sikumwomba.